Ghala Moja au Maghala Mengi? Mpangilio wa Msimbo katika Miradi ya Programu Huria

Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu za mkononi zinazoanza na 010 na 011. Wakati huo nilikuwa mmoja wa wasanidi watatu tuliotunza mradi mdogo wa programu huria: mfumo wa kuweka kumbukumbu za wakulima wanaopeleka maziwa kwenye vyama vya ushirika, na kuwatumia kwa simu ujumbe wa kilo walizopimiwa. Programu yetu ilikubali namba zinazoanza na 07 tu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa msimbo. Bahati mbaya mstari huo ulikuwa umenakiliwa katika maghala manne kati ya saba tuliyokuwa nayo: ghala la seva, la programu ya simu, la ukurasa wa karani na la kutuma ujumbe.

Jumanne tulirekebisha mawili. Ufunguo wa la tatu alikuwa nao mwenzetu aliyekuwa safarini; alilirekebisha aliporudi. La nne, la kutuma ujumbe, tulilisahau kabisa. Kwa siku kadhaa karani aliandikisha wakulima wenye namba mpya, mfumo ukawapokea vizuri, na hakuna hata mmoja aliyepata ujumbe. Hakuna jaribio lililofeli, maana kila ghala lilipimwa peke yake na peke yake lilikuwa sawa. Tulijua tatizo pale mama mmoja alipokuja na kitabu chake mkononi kuuliza kwa nini jirani anapata ujumbe na yeye hapati.

Watu watatu, maghala saba. Tangu siku ile sijawahi kuliona swali la kupanga maghala kuwa jambo la unadhifu tu. Ni swali la nani anazungumza na nani, nani ana ufunguo wa wapi, na kosa litaonekana lini.

Ghala la msimbo, ambalo wasanidi wengi huliita repo kwa mkato, ni faili za programu pamoja na historia yake yote: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Siku hizi maghala mengi ya programu huria huendeshwa kwa Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 baada ya watunzaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper bila malipo. Katika Git, badiliko moja lililothibitishwa, yaani komiti, linaweza kugusa faili mia kwa mkupuo. Zote zitaingia au zote zitabaki nje. Lakini komiti haivuki ukuta wa ghala. Ukishaujenga ukuta, badiliko linalohusu pande zote mbili litakuwa mabadiliko mawili, yatakaguliwa mara mbili, na kati ya la kwanza na la pili kutakuwa na muda ambao pande hizo hazielewani. Kwa hiyo swali lenyewe ni moja: ukuta upite wapi?

Linux: nyumba moja, watunzaji wengi

Mfano unaofaa kuanza nao ni kiini cha Linux. Kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo, na yote imo katika mti mmoja: mifumo ya faili, mtandao, ulinzi, na viendeshi vya vifaa vya kila aina, kuanzia kadi za sauti hadi mitambo ya viwandani. Mtu angetarajia kitu kikubwa hivyo kigawanywe. Hakijagawanywa, na sababu inaeleweka. Linux huahidi kwamba programu za watumiaji zilizofanya kazi jana zitafanya kazi kesho, lakini haitoi ahadi kama hiyo kwa sehemu zake za ndani. Msanidi anaweza kubadilisha namna kiendeshi kinavyoitwa na kiini, mradi tu, katika kazi hiyohiyo, arekebishe viendeshi vyote vinavyoathirika. Angewezaje kufanya hivyo kama kila kiendeshi kingekaa katika ghala la mwenyewe, chini ya ufunguo wa mwenyewe? Mti mmoja ndio unaompa uwezo wa kusafisha nyumba nzima badala ya chumba chake tu.

Hata hivyo, mti kuwa mmoja hakumaanishi kwamba kila mtu anasukuma mabadiliko mahali pamoja. Watunzaji wa sehemu kubwa wana nakala zao za mti huo, ambamo hukusanya kazi za wachangiaji wao, kisha humwomba Torvalds azivute kila msimu wa kuunganisha unapofunguliwa. Tangu 2008 pamekuwa na mti wa linux-next, unaochanganya kazi zinazosubiri ili migongano ionekane kabla haijafika kwenye mti mkuu. Mgawanyo wa mamlaka upo, na ni mkali. Umefanywa kwa watu na kwa utaratibu, si kwa kuta za maghala.

Kinachoushikilia utaratibu huo ni faili moja la maandishi ya kawaida liitwalo MAINTAINERS. Ukilifungua utaona orodha ndefu ya sehemu za mfumo, na chini ya kila sehemu mistari inayoanza kwa herufi moja: M kwa jina la mtunzaji, L kwa orodha ya barua pepe, S kwa hali ya sehemu hiyo, yaani kama inatunzwa au imeachwa, T kwa mti anamofanyia kazi, na F kwa njia za faili anazosimamia. Mgeni aliyerekebisha faili moja huendesha hati ndogo inayosoma orodha hiyo na kumwambia ampelekee nani kazi yake. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. MAINTAINERS ndilo daftari la Linux, na bila hilo mti ule mmoja ungekuwa msitu.

X.Org: msimbo uleule, sura mbili

Ni nadra kupata tukio linaloonyesha pande zote mbili za swali kwa siku moja. Tarehe 21 Desemba 2005 mradi wa X.Org, unaotengeneza mfumo wa madirisha uliotumika kwa miaka mingi kwenye kompyuta za Linux na jamaa zake, ulitoa matoleo mawili kwa pamoja: X11R6.9 na X11R7.0. Msimbo ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa mpangilio. La kwanza lilikuwa mti mmoja mkubwa uliojengwa kwa chombo cha kale kiitwacho imake. La pili lilikuwa vipande vingi vinavyojitegemea, kila kimoja na toleo lake.

Hoja ya kugawanya ilikuwa na uzito. Katika mti wa zamani, kasoro ndogo katika kiendeshi cha kadi moja ya picha ililazimika kusubiri toleo la mfumo mzima. Aliyetaka kuchangia katika maktaba ndogo alilazimika kwanza kujifunza kujenga dude zima. Baada ya kugawanywa, kiendeshi kiliweza kutoka siku kilipokuwa tayari, na mchangiaji mpya alipata mahali padogo pa kuingilia.

Lakini yaliyofuata yanafundisha zaidi. Faili zinazoeleza lugha ambayo seva na programu hutumia kuzungumza zilikuwa zimetawanywa katika vifurushi vingi vidogo, na vingi havikuguswa kwa miaka. Kila kimoja kilitaka ujenzi wake na utoaji wake, kazi ambayo haikumnufaisha mtu. Mwaka 2018 vilikusanywa tena vikawa kifurushi kimoja, xorgproto. Mwaka 2021 likatokea jambo la kinyume: Xwayland, sehemu inayowezesha programu za zamani kufanya kazi katika mazingira mapya ya Wayland, ilihitaji matoleo ya haraka wakati seva yenyewe ilikuwa imekaa muda mrefu bila toleo kubwa. Watunzaji hawakukimbilia kujenga ukuta. Walitoa Xwayland peke yake kutoka kwenye tawi lake ndani ya ghala lilelile la seva. Somo lililopo hapo ni kwamba kuwa na saa tofauti ya kutoa matoleo si lazima kuzae ghala tofauti. Mara nyingi tawi linatosha.

LLVM: safari ya kurudi pamoja

LLVM ulianzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000, nao leo ni msingi wa vikusanyaji (compilers) vya lugha nyingi za programu. Kwa miaka mingi sehemu zake zilitunzwa katika mfumo wa Subversion, na kwa watumiaji wa Git zilionekana kama maghala mbalimbali: msingi wenyewe, kikusanyaji cha Clang, kiunganishi cha lld, kitafuta kasoro cha lldb na nyinginezo. Tatizo ni kwamba Clang hutumia mambo ya ndani kabisa ya LLVM. Mtu alipobadilisha jina la kitu kimoja katika msingi, Clang ilivunjika mpaka badiliko la pili liingie upande wa pili. Aliyetaka kujua kasoro ilianza siku gani alijikuta na swali zito: komiti hii ya Clang inaendana na komiti ipi ya LLVM? Ghala moja moja halikuwa na jibu.

Baada ya mjadala wa miaka, mwezi Oktoba 2019 mradi ulihamia kwenye ghala moja liitwalo llvm-project. Tangu hapo badiliko la msingi na marekebisho ya wanaoutumia huingia kwa komiti moja, na historia ina mstari mmoja unaoweza kurudiwa hatua kwa hatua. Lakini si kila kitu kilihamishwa. Mkusanyiko mkubwa wa programu za kupimia kikusanyaji, llvm-test-suite, ulibaki katika ghala lake, kwa kuwa msanidi wa kawaida hauhitaji kila siku na haubadiliki sambamba na kila komiti. Hapo kanuni inaanza kujitokeza: vinavyobadilika pamoja vikae pamoja, na visivyobadilika pamoja visibebeshane mizigo.

OpenMRS: ukuta unapokuwa wa haki

Je, kuna wakati maghala mengi ndiyo jibu sahihi? Upo, na mfano wake uko hapa kwetu. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 katika ushirikiano wa Regenstrief Institute ya Marekani, mpango wa AMPATH wa Eldoret, na shirika la Partners In Health. Mapema mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, na mwaka huohuo ukaingia Rwanda. Leo unatumika katika nchi nyingi, na maghala yake ni mamia.

Majina yake yenyewe ni ramani. Ghala la openmrs-core ndilo kitovu: linajua mgonjwa ni nini, ziara ya kliniki ni nini, kipimo kinahifadhiwaje. Majina yanayoanza na openmrs-module ni moduli zinazochomekwa juu ya kitovu. Yanayoanza na openmrs-esm ni sehemu za sura mpya anayoiona mhudumu kwenye skrini. Yanayoanza na openmrs-distro ni mikusanyiko iliyo tayari kusimikwa. Mtu anayeona jina kwa mara ya kwanza anajua anatazama tabaka gani kabla hajafungua faili hata moja.

Kwa nini utengano huu unafaa? Kwa sababu kuta zimepita pale mamlaka yanapobadilika. Kenya ina KenyaEMR, Uganda ina UgandaEMR. Wizara inapobadilisha fomu ya kliniki au ripoti ya mwezi, wasanidi wa nchi hiyo ndio wanaojua, ndio wanaowajibika, na ndio watakaopigiwa simu usiku mfumo ukisimama. Hawana sababu ya kumsubiri msanidi wa Haiti awakubalie fomu yao, wala msanidi wa Haiti hana sababu ya kubeba fomu ya Nairobi katika mashine yake. Hapo ukuta ni wa haki: kila upande una wenyewe, una ratiba yake, na una wagonjwa wake.

Gharama ipo, na mradi unailipa waziwazi. Kila moduli hutamka katika faili lake la mipangilio inahitaji toleo gani la kitovu. Mkusanyiko nao huwa na faili, kama openmrs-distro.properties, linaloorodhesha kitovu na moduli, kila kimoja na namba ya toleo. Bila orodha hiyo, hospitali mbili zinazosema zinatumia mfumo mmoja zingekuwa na mifumo miwili isiyofanana, na fundi asingejua kwa nini moja inafanya kazi na nyingine haifanyi.

Ukitazama ndani ya openmrs-esm-patient-chart utakuta jambo jingine: vipimo vya mwili, mizio na dawa za mgonjwa, kila kimoja ni kifurushi chake, lakini vyote vimo katika ghala moja. Vinaonekana kwenye skrini moja, vinashiriki muundo mmoja, na watu walewale wanavigusa. Mradi uleule umegawanya kati ya nchi na nchi, ukaunganisha ndani ya skrini moja. Huo si mkanganyiko. Ni kanuni moja iliyotumika mahali pawili tofauti.

Njia za katikati na bei zake

Baadhi ya miradi imetafuta faida za pande zote. Symfony, mfumo wa kutengeneza tovuti kwa lugha ya PHP, hufanya kazi yote katika ghala moja, kisha kila sehemu hunakiliwa katika ghala lake la kusomwa tu, ili anayehitaji kipande kimoja asibebe vyote. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, hufanya jambo la jamaa na hilo: sehemu kama client-go huandikwa katika folda iitwayo staging ndani ya ghala kuu, na programu maalumu huzichapisha nje katika maghala yake. Mchangiaji hana budi kuambiwa mapema kwamba maghala yale ya nje ni kioo tu, la sivyo atapeleka kazi yake mahali isipopokelewa.

OpenStack, mradi wa programu za kuendesha kompyuta za wingu, ilishika njia nyingine. Ina mamia ya maghala, lakini mfumo wake wa majaribio, Zuul, huelewa mstari wa Depends-On katika maelezo ya badiliko. Ukiandika kwamba badiliko lako linategemea lingine katika ghala jingine, Zuul huyapima yote mawili kwa pamoja, na lako haliingii kabla ya hilo lingine. Hilo lingetusaidia na maghala tuliyoyakumbuka, ingawa si lile tulilolisahau. Lakini miundombinu kama hiyo hutaka watu wa kuitunza kila siku.

Wapo wanaopenda kutaja Google kama ushahidi kwamba ghala moja linatosha kwa kila kitu. Ni kweli kwamba katika makala iliyochapishwa mwaka 2016 wahandisi wake walieleza ghala lenye terabaiti 86 na mistari kama bilioni 2. Lakini ghala hilo halikuendeshwa kwa Git. Liliendeshwa kwa mfumo waliojitengenezea wenyewe, Piper, na kikosi cha kuutunza. Mradi wa watu watano hauwezi kuazima hitimisho bila kuazima zana.

Mgeni mlangoni

Kuna upande wa swali hili ambao sisi wa huku tunauhisi kuliko wanaoandika miongozo mingi. Mchangiaji wa Kigoma au Kisumu hununua bando. Kunakili Linux na historia yake yote ni zaidi ya gigabaiti moja, na mtandao ukikatika katikati, kazi huanza upya. Ghala kubwa linaweza kumfungia mlango mtu mwenye uwezo kabla hajaandika mstari. Dawa ipo. Amri ya git clone --depth 1 huleta hali ya sasa tu bila historia. Kunakili kwa sehemu huacha yaliyomo ya zamani mpaka yatakapohitajika. Na tangu toleo la 2.25 la Januari 2020, Git ina amri ya sparse-checkout inayofungua folda unazozitaka tu. Mradi wenye ghala kubwa unawajibika kuandika amri hizi kwenye ukurasa wake wa kwanza.

Maghala mengi madogo nayo yana namna yake ya kumfukuza mgeni. Anapata kasoro, hajui airipoti wapi. Anafungua ghala la kwanza, anaambiwa suala ni la ghala la pili. Anafika la pili, anakuta maombi ya miaka mitatu yasiyojibiwa. Kila ghala jipya linahitaji ukurasa wa maelezo, leseni, majaribio, na mtu mwenye ufunguo. Mambo hayo yakikosekana hatari huwa kubwa kuliko usumbufu. Mwaka 2024 iligundulika kwamba xz, programu ndogo ya kubana faili inayotegemewa na mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kwa mtunzaji aliyefanya kazi karibu peke yake. Kisa hicho hakikusababishwa na mpangilio wa maghala, lakini kinatukumbusha kwamba kila ghala linalotegemewa linahitaji macho zaidi ya mawili. Anayeongeza maghala bila kuongeza watu anapunguza macho.

Hukumu

Mwaka 1968 Melvin Conway aliandika kwamba watu wanaobuni mfumo hutoa muundo unaofanana na mawasiliano yao wenyewe. Nimeona ukweli wake pande zote mbili. Linux ni mti mmoja kwa kuwa watunzaji wake wamejijengea njia moja ya kufikisha kazi juu. OpenMRS ni maghala mengi kwa kuwa nchi ni nyingi. Sisi tulikuwa watu watatu tuliokaa meza moja, na hatukuwa na sababu ya kuwa na maghala saba isipokuwa kuiga tulichokiona kwa wakubwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mradi mpya uanze na ghala moja lenye folda zilizopangwa vizuri. Kabla ya kujenga ukuta wowote, jiulize maswali matatu. Sehemu hii ina wenyewe tofauti, wanaoweza kuitunza hata sisi tusipokuwepo? Inaweza kubadilika kwa miezi bila kugusa upande wa pili? Kuna watumiaji wanaoihitaji peke yake, au leseni inayoilazimu ikae mbali? Majibu yakiwa ndiyo, gawanya bila hofu, na andika toleo lipi linaendana na lipi. Yakiwa hapana, ukuta huo utakuwa wa kujitafutia adha.

Na iwe ghala moja au mia, liwepo daftari: faili moja fupi, mahali pa kwanza mgeni anapofika, linalosema nini kiko wapi, nani anakitunza, na kazi ipelekwe kwa nani. Sisi tuliunganisha maghala yetu saba yakawa mawili: moja la mfumo, jingine la mipangilio ya kila chama cha ushirika. Kanuni ya namba za simu sasa imeandikwa mahali pamoja, na jaribio lake linapima 07, 010 na 011.